Mashine ya Kunyoa Nyumbani: Kichwa cha Mumeo Akishike Nani?

Mwezi huu naomba tuongelee kichwa. Sio kichwa cha familia, hilo tulishagombana vya kutosha humu ndani. Naongelea kichwa chenyewe, chenye nywele, ambacho kila baada ya wiki mbili lazima kipelekwe kwa kinyozi kama gari linavyopelekwa gereji.

Kina dada wenzangu mnajua nazungumzia nini. Jumamosi saa tisa mchana mwenzio anakuaga: "Naenda kunyoa mara moja, narudi." Hiyo mara moja inaisha saa mbili usiku. Kwanza kuna foleni, halafu kuna mpira kwenye TV, halafu kuna ubishi wa Simba na Yanga ambao haujapata mshindi tangu tuzaliwe. Halafu kuna skrabu. Kwa mlio mbali na Dar, skrabu ni hivi: kinyozi akishamaliza kazi yake, jamaa anahamishiwa kwa binti. Binti anamuosha kichwa kwa maji ya uvuguvugu, anamsugua uso, anamkanda shingo na mabega. Wenyewe wanasema ni usafi. Sawa, ni usafi. Ila nikianza kuwahesabu wanandoa ninaowafahamu waliowahi kununiana kwa sababu ya usafi huo, ukurasa huu hautatosha.

Ndio maana sishangai kuona watu wanaota mashine inayonyoa yenyewe. Unakaa kwenye kiti sebuleni kwako, unabonyeza kitufe, inafanya mambo yake, unaingia bafuni kuoga, kwisha habari. Hakuna foleni, hakuna binti. Ukiwa unalipa shilingi 5,000 mara mbili kwa mwezi, unabaki na 120,000 kwa mwaka. Nimetumia wiki kadhaa kuifuatilia ndoto hiyo, kwa sababu kuna kesi ya ndoa iliyoletwa mezani kwangu inayoihusu. Nitawasimulia. Lakini kwanza tujue wenzetu wamefika wapi.

Wembe ulishapata ufumbuzi zamani

Mashine ya umeme ya kushika mkononi, hii anayotumia kinyozi wako, ina zaidi ya miaka mia moja. Mwaka 1919 kijana wa Kimarekani aitwaye Leo Wahl, wa mji wa Sterling, jimbo la Illinois, aliomba hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya mashine inayoendeshwa kwa sumaku ya umeme. Jina lake bado mnalisoma ubavuni mwa mashine nyingi za saluni. Mtambo wake ni rahisi ajabu. Kuna safu mbili za meno: ya chini imetulia, ya juu inakwenda kushoto na kulia. Umeme wa ukutani hubadilisha mwelekeo wake mara nyingi kila sekunde, sumaku inavuta na kuachia, meno yanatembea. Kwa umeme wetu wa hezi 50, meno hayo yanakwenda na kurudi mara 100 kwa sekunde moja. Ndio ile sauti ya nyuki unayoisikia sikioni.

Urefu nao ulishapata ufumbuzi. Kile kichana cha plastiki kinachovishwa mbele ya meno ndicho kinachoamua nywele zibaki kiasi gani. Namba moja ni milimita 3 hivi, namba mbili ni 6, namba nne ni kama 13. Kwa hiyo kukata hakuna tatizo, na kupima hakuna tatizo. Kilichobaki ni mkono. Nani ataitembeza hiyo mashine kichwani, na atajuaje pa kupita?

Fundi seremala mmoja wa San Diego, Marekani, Rick Hunts, alijibu swali hilo kwa njia ya kuchekesha miaka ya 1980. Aliona jinsi mashine ya kufyonza vumbi ilivyokuwa inanyonya unga wa mbao kichwani mwake na kuzisimamisha nywele. Akaunganisha mambo mawili, ufyonzaji na mashine ya kunyolea, akapata kitu alichokiita Flowbee. Kinyonyaji kinavuta nywele wima ndani ya bomba, meno yanakata kila kinachovuka urefu uliopanga, na mabaki yanaishia kwenye mfuko wa vumbi. Kiliuzwa sana kwa matangazo ya televisheni. Watu walicheka, lakini mwaka 2020 George Clooney, yule yule mtanashati mnayemjua, alisema kwenye televisheni ya CBS kwamba amekuwa akijinyoa mwenyewe kwa Flowbee kwa miaka kama 25. Hata wanaanga walioko kwenye kituo cha angani wananyoana kwa mashine iliyofungwa bomba la kufyonzea, maana kule juu nywele zilizokatwa hazianguki, zinaelea mpaka puani.

Mwaka huo huo wa 2020, wakati korona imewafungia watu ndani (Uingereza saluni zilifungwa tangu Machi na kufunguliwa Julai 4), mhandisi wa Kimarekani Shane Wighton alitengeneza roboti lenye mkasi. Lilikuwa na kamera inayopima umbali ili lijue umbo la kichwa chake, na kinyonyaji cha kuvuta nywele kidogo kidogo kabla mkasi haujapita. Akaketi ndani yake mwenyewe, akapiga video, akairusha YouTube. Nimeiangalia mara mbili. Ni kazi ya akili kubwa, sibishi. Lakini lile kanyozi la chuma linafanya kazi polepole kiasi kwamba kinyozi wetu wa mtaani angekuwa ameshanyoa foleni nzima na chai ameshakunywa.

Nywele zetu hazivutiki

Sasa angalia vizuri mashine hizo mbili. Zote zinaanza kwa kuvuta nywele ziwe wima. Zilitengenezwa na watu wenye nywele za kunyooka, zikajaribiwa kwenye vichwa vyao. Siwalaumu, kila fundi anaanza na kichwa alichonacho. Ila ukiileta Flowbee Mwananyamala haitakuwa na kazi. Unywele wetu wa kipilipili ukiukata na kuutazama kwa darubini si duara, ni bapa kama yai lililokandamizwa, na hata shimo lake ndani ya ngozi limepinda. Ndio maana unajisokota. Ukiuvuta unanyooka kidogo, ukiuachia unarudi kama springi. Ukiuvuta kwa nguvu unakatika.

Kwa upande mwingine, na hili watu wengi hawalifikirii, sisi ndio ambao mashine ingeweza kutuhudumia kirahisi zaidi. Kaka anayenyoa namba moja kichwa kizima hahitaji mkasi wala kamera ya maajabu. Anahitaji kitu kinachofika kila mahali bila kuruka. Ugumu uko kwenye mstari wa mbele, kwenye kuchonga O, na kwenye ile fedi inayoshuka polepole mpaka shingoni. Huko ndiko vijana wanakotoa pesa.

Kesi yenyewe

Haya, kesi. Ni shosti wangu tangu chuo, mhasibu. Mumewe ni mtaalamu wa kompyuta. Wana miaka tisa ya ndoa na mtoto wa kiume wa miaka sita. Mimi nilikuwa matroni wa harusi yao, kwa hiyo wakikwama kesi inakuja kwangu bila kuuliza kama nina nafasi.

Ilianza na skrabu, kama mlivyotarajia. Shosti alichoka na harufu ya mafuta asiyoyajua, akasema maneno, shemeji naye akajibu kwa hasira: "Basi nitatengeneza mashine yangu, sitakanyaga saluni tena." Shosti akafurahi, akadhani ni maneno ya ugomvi tu. Kumbe mzee mzima kaamua kweli. Akanunua helmeti ya bodaboda, akaikata katikati, akafunga reli ya nusu duara kutoka sikio hadi sikio. Juu ya reli akaweka mashine ndogo ya kunyolea inayovutwa na mota za printa mbovu, na kihisi cha kupima umbali. Kariakoo akanunua kile kichwa cha plastiki wanachofundishia wasusi. Miezi minne sebule ikawa karakana.

Shosti alivumilia mpaka siku alipofungua kibubu. Ndani yake kulikuwa na pesa ya kupaulia nyumba yao, na laki saba hazikuwepo.

Nilipofika kwao siku hiyo hakuna aliyekuwa anaongea. Shemeji ndiye aliyeanza. "Shem, mwambie mwenzio hii sio anasa. Ni utafiti. Ikikubali tutauza, tutapaua nyumba tatu." Shosti akanigeukia mimi, sio yeye: "Muulize kama bati linanunuliwa kwa ikikubali."

Nikaomba kwanza nioneshwe mashine. Kwenye kichwa cha plastiki ilikuwa inafanya vizuri, lazima nikiri. Tatizo kichwa kile kina nywele ndefu za kunyooka, na shemeji hana. Akasema tayari ameitengeneza upya kwa nywele zake, akavaa mwenyewe palepale, pengine ili ashinde kesi. Shosti akasimama pembeni ameshika waya wa umeme tayari kuuchomoa. Nasema hivyo kwa uzito kabisa: yeyote anayejaribu kifaa cha namna hii lazima awe na mtu wa pili mwenye mamlaka ya kuchomoa.

Mashine ilipita mara tatu. Kwanza ikatoa njia safi kabisa, nikapiga makofi. Halafu ikafika kisogoni ikaanza kuruka. Ikatokea njia ya panya, ikakata kona, ikapotea. Nyuma ya sikio ikagonga mfupa, jamaa akapiga kelele, waya ukachomolewa.

Baadaye alinieleza kwa nini, na maelezo yake yalinifungua macho zaidi ya video zote za YouTube. Kihisi kinaona juu ya nywele, hakioni ngozi. Nywele zetu ni kama sponji, ukizibonyeza zinashuka, kwa hiyo mashine haijui kichwa kinaanzia wapi. Akaweka springi ya kuisukuma iguse ngozi. Springi ikiwa ngumu inaumiza mfupani, ikiwa laini inaruka shingoni. Kinyozi anamaliza hilo kwa kifundo cha mkono bila hata kufikiri. Mkono mmoja unanyoa, mwingine unanyoosha ngozi, kidole kimoja kinakunja sikio, na anakuambia inama kidogo boss. Pale utosini nywele zinapozunguka anapita kutoka pande tatu. Hayo yote ni vipimo, ila hakuna aliyeyaandika.

Basi jamaa yuko pale, nusu kichwa kimenyolewa, na kesho yake ana mkutano kazini. Kuna mawili: saluni au mkewe. Shosti akachukua mashine ya mkononi, akavisha kichana cha namba moja, akaanza kumalizia. Mwanzoni alikuwa ananyoa kwa hasira, nilikuwa namwona. Kisha akapunguza mwendo. Akakunja sikio. Akapitisha kidole kisogoni akasimama.

"Hili kovu la nini?"

Shemeji akasema alianguka kwenye mwembe akiwa darasa la pili.

Siku iliyofuata shosti alinipigia simu. Hakuongelea laki saba. Alisema: "Miaka tisa nilikuwa sijui ana kovu. Yule binti wa skrabu analijua."

Sikuwa na cha kumjibu, na mpaka leo sina jibu zuri. Wapo watakaosema binti yule yuko kazini tu, na ni kweli, anatafuta riziki kama mimi na wewe, wala hana habari na kovu la mume wa mtu. Lakini nadhani shosti hakuwa analalamika juu yake. Alikuwa anaongelea nyumba ambayo watu wawili wanarudi saa mbili usiku, kila mmoja na simu yake, na kichwa cha mwenzio hukigusi labda akiwa na homa.

Hukumu yangu kama matroni ilikuwa na mambo matatu. Pesa ya bati inarudishwa kwenye kibubu kwa awamu, kutoka mfukoni mwa mtafiti. Utafiti unaendelea, lakini una bajeti yake na wote wawili wanaijua. Na kichwa cha mtoto hakijaribiwi kitu, hata kwa dakika moja, hata kama kwa baba kimekubali mara kumi. Shemeji alibisha hilo la tatu. Sikulegeza.

Sasa hivi ameiacha helmeti. Anatengeneza kitu kidogo zaidi: mashine ya kawaida ya mkononi yenye kitetemeshi, ukipita pale pale mara mbili au ukiinamisha vibaya inakushtua kiganjani kabla hujaharibu. Nadhani huko ndiko kwenye njia. Hata makampuni makubwa yameendelea kwa hatua ndogo ndogo za namna hiyo. Philips wana mashine ambayo kichana chake kinasogezwa na mota, unachagua urefu na inaukumbuka. Remington wana ya kushika kiganjani kama sabuni, meno yake yamepinda kidogo ili mtu ajinyoe mwenyewe kisogoni. Hakuna kati yake inayokunyoa huku umelala. Zinausaidia mkono tu.

Kabla hamjanunua

Kuwa na mashine yenu nyumbani kuna faida ambayo haihusiani na wivu. Mapunye yanahama kutoka kichwa hadi kichwa kwa vifaa vya kushirikiana. Virusi vya homa ya ini aina ya B vinaweza kuishi nje ya mwili kwa siku saba au zaidi, kwa hiyo meno yaliyomkata mtu mpaka damu si ya kuchezea. Hata mkiendelea kwenda saluni, mwenzio anaweza kwenda na mashine yake mkobani. Kinyozi mzuri hachukii.

Msinyoe mpaka ngozi ing'ae, hasa kwenye ndevu na kisogoni. Unywele uliopinda ukikatwa chini sana ncha yake inageuka na kuchoma ngozi kutoka ndani, ndio vile vipele vya ndevu, na kisogoni vinaweza kugeuka vinundu vigumu visivyoondoka. Acheni hata milimita moja. Kikishaanza kinundu, nendeni kwa daktari wa ngozi, sio kwa mashine nyingine.

Ndugu akiwaletea mashine kutoka Marekani, igeuzeni msome chini kabla ya kuichomeka. Ikiwa imeandikwa 120V 60Hz peke yake, umeme wetu wa volti 230 utaiunguza. Hata mkiiwekea kifaa cha kupunguza volti, ile ya sumaku itapiga kelele na kunyoa ovyo kwa sababu hezi ni tofauti. Ya betri yenye chaja ya volti 100 hadi 240 haina shida. Tone la mafuta kwenye meno kila baada ya kunyoa, na brashi ya kuondoa nywele. Anayenyolewa ndiye anayefagia, hilo nimelitunga mimi lakini naona ni haki.

Mara ya kwanza anzeni na namba kubwa, nne au tatu, mkashuke taratibu. Mstari wa mbele muachieni kinyozi kwa miezi kadhaa, hakuna aibu. Nyuma ya masikio kunja sikio kwa kidole, kama nilivyoona kwa shosti. Na usimnyoe mtu mkiwa mmenuniana.

Nywele hukua karibu sentimita moja kwa mwezi, zetu pungufu kidogo. Kwa hiyo hata mkiharibu wikiendi hii, toleo lijalo litakapowafikia mzee mzima atakuwa anatoka nje bila kofia. Tukutane hapo.